Kaka anataka goti la dhahabu, daktari amependekeza la kawaida

BARUA

Shikamoo Bibi Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, mjane wa miaka 54, na nimekuwa nikisoma majibu yako kwa watu wengine kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nitaleta jambo langu mwenyewe.

Goti langu la kulia limenitesa kwa miaka saba. Lilianza kwa kuuma ninapopanda ngazi tu, likaja kuvimba kila Ijumaa baada ya wiki nzima ya kusimama ubaoni, na sasa mguu umepinda kama wa mtoto mwenye matege, hata sketi zangu zinaning'inia upande mmoja. Tangu mwaka juzi nasali nikiwa nimekaa kwenye kiti. Usiku sipati usingizi mpaka niweke mto katikati ya magoti. Daktari wa mifupa niliyemwona Dar es Salaam alinionyesha picha ya eksirei: kwa upande wa ndani, mfupa wa paja umekalia moja kwa moja mfupa wa muundi, hakuna nafasi hata ya kupitisha karatasi. Alisema kwamba nikiwa tayari atanibadilishia goti, na kwamba atatumia goti la kawaida, lenye chuma juu na chini na plastiki katikati, na plastiki hiyo imefungwa haisogei.

Niliporudi nyumbani nilimpigia kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi Maskati. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita, na kaka ndiye aliyenisomesha mpaka chuo cha ualimu kwa mshahara wake wa dukani. Hakuridhika hata kidogo. Ndani ya wiki moja alikuwa amezungumza na wakala anayepeleka wagonjwa India, na wakala akamtumia video ya goti lenye rangi ya dhahabu, linang'aa kama mkufu, ambalo plastiki yake inazunguka mtu anapogeuka. Wakala alisema hilo linadumu miaka 30, na kwamba haya ya kawaida plastiki yake hulika ndani ya miaka kumi. Kaka amesema atalipa kila kitu, pamoja na tiketi yangu na ya binti yangu wa kunisindikiza. Nilipoanza kusema kwamba daktari wa Dar naye ni mtu mzoefu, alinikatiza: "Sikukusomesha ili uje uwekewe kitu cha bei rahisi."

Nami sina ujasiri wa kumbishia, kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Mama mkubwa aliwekewa goti mwaka 1993 katika hospitali moja nje ya nchi. Miaka minane alitembea vizuri. Kisha goti likaanza kujaa maji na kugonga, na mwaka 2003 likafunguliwa tena, tukaambiwa plastiki ililika na mfupa ukaliwa. Baada ya hapo hakuwahi kutembea kama mwanzo. Nakumbuka akiketi jikoni juu ya kigoda kirefu, mguu umenyooshwa mbele, anachambua mchele na kutuomba tumpe kila kitu mkononi.

Kwa hiyo nimefikia kuwaza kwamba pengine heri nisifanye chochote kwa sasa. Nikisubiri mpaka nistaafu nikiwa na miaka 60, goti litatumika kidogo, nami nitakuwa nimekwepa upasuaji wa pili. Lakini kuna siku nalia darasani nikiwa nimewageuzia watoto mgongo.

Bibi, lipi ni goti la kukubali? Na nimwambie nini kaka yangu?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Hilo la kuwageuzia watoto mgongo ili wasikuone ukilia limenikaa moyoni.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kusimama upande wa pili wa kitanda cha upasuaji wa mifupa na kumkabidhi daktari vifaa. Sikuwa daktari wakati huo wala si daktari leo, na picha yako ya eksirei sijaiona, kwa hiyo siwezi kukuambia uwekewe nini. Ninachoweza ni kukueleza ninayoyajua kuhusu hicho kipande cha plastiki, kisha turudi kwa kaka yako, maana nadhani barua yako inamhusu yeye kama inavyolihusu goti.

Nianze na mama mkubwa, kwa sababu naona uamuzi wote umejengwa juu ya kigoda chake. Plastiki iliyoko katikati ya goti bandia huitwa polietilini, ni aina ngumu sana, na imetumika katika viungo bandia tangu mwaka 1962, alipoianza daktari Mwingereza John Charnley katika nyonga. Kabla yake alikuwa ametumia Teflon, hii tunayoijua kwenye vikaango, nayo ililika kwa haraka ya kutisha, ikawabidi wagonjwa wafunguliwe tena. Charnley alichukua vipande vya Teflon na vya polietilini akavipandikiza katika paja lake mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa, pale penye Teflon palikuwa na uvimbe, na pale penye polietilini palikuwa pametulia. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba hatari ya plastiki kulika haiko katika kupungua kwake tu. Unga wake ndio wenye madhara: chembe ndogo zisizoonekana kwa macho humezwa na seli za kinga, seli zikashindwa kuzisaga, zikachochea mfupa wa jirani kuyeyuka, na chuma kikaanza kulegea. Hicho ndicho mlichoambiwa mwaka 2003 kwamba mfupa umeliwa.

Sasa, goti la mwaka 1993 lilikuwa la kipindi kibaya. Siku hizo plastiki nyingi ziliuliwa vijidudu kwa mionzi ya gamma zikiwa ndani ya pakiti zenye hewa ya kawaida. Mionzi iliacha plastiki katika hali ya kushikana na oksijeni, na kadiri pakiti ilivyokaa rafuni kabla ya kutumika, ndivyo plastiki ilivyozidi kuchakaa kabla hata haijaingia mwilini. Niliwahi kupokea mkononi plastiki ya aina hiyo, imetolewa kwenye goti la mama mmoja baada ya miaka tisa. Ilipokuwa mpya ilikuwa nyeupe na laini kama sabuni iliyokauka. Hii ilikuwa imegeuka manjano, upande wa ndani umechimbika vishimo, na juu yake magamba yakibanduka kama rangi ya mtumbwi wa zamani. Niliiosha, nikaiweka kwenye sahani ya chuma, na daktari akaitazama muda mrefu bila kusema neno. Katika miaka ya tisini watengenezaji wengi waliacha utaratibu ule, wakahamia pakiti zisizo na oksijeni au njia nyingine za kuua vijidudu. Baadaye zikaja plastiki zilizoimarishwa kwa mionzi zaidi ili zisilike upesi, nyingine zikiongezewa vitamini E, ingawa uimara huo wa kutolika huambatana na wepesi fulani wa kupasuka, na kwa sababu hiyo si kila daktari anazipendelea katika goti. Siwezi kuthibitisha kwamba la mama mkubwa liliharibika kwa njia hii, lakini je, ni haki kulipima goti la leo kwa kigoda cha mwaka 2003?

Hata hivyo nisije nikakuacha unadhani tatizo la pakiti limezikwa. Mwaka 2021 na 2022 kampuni moja ya Marekani iliondoa sokoni plastiki zake nyingi za magoti baada ya kubainika kwamba, tangu mwaka 2004, mifuko yake haikuwa na tabaka moja la kuzuia oksijeni. Ndiyo maana nitakuomba jambo dogo, uende popote utakapokwenda. Kila kipande cha goti bandia huja na stika zenye jina la mtengenezaji, namba ya kipande na namba ya toleo. Muuguzi huzibandua na kuzibandika kwenye faili lako. Omba seti moja ubaki nayo nyumbani pamoja na vyeti vyako. Nimeona wagonjwa wakirudi baada ya miaka kumi na faili limepotea, na daktari akilazimika kubahatisha kwa kutazama umbo la chuma kwenye eksirei.

Kuhusu plastiki inayozunguka na isiyozunguka, nikuombe ufikirie mtungi wa maji na ngata. Mtungi ukiuweka juu ya meza tambarare, unagusa mahali padogo, na uzito wote unashukia hapo. Ukiuweka juu ya ngata iliyosokotwa vizuri, unakumbatiwa, na uzito unasambaa. Plastiki ya goti ni hivyo hivyo: ikiwa tambarare, chuma cha paja hukandamiza sehemu ndogo na plastiki huchoka, ikichimbwa ikalikumbatia paja, mkandamizo hupungua. Lakini goti halikunji na kunyooka tu, linajizungusha kidogo pia, na ngata ikiushika mtungi barabara, kila unapougeuza mtungi nguvu hiyo inaishia kichwani. Katika goti, kichwa hicho ni mfupa wako na saruji inayokigandisha chuma kwenye mfupa huo. Hapo ndipo daktari Buechel na mhandisi Pappas wa New Jersey, Marekani, katika miaka ya sabini, walipofikiria plastiki inayolikumbatia paja kwa juu na kuzunguka kwa chini juu ya bamba lililong'arishwa, yaani ngata inayogeuka pamoja na mtungi. Ni wazo zuri sana, mwanangu, na wakala hakudanganya alipolisifu.

Anachoacha kusema ni kwamba uzuri huo umetafutwa kwa wagonjwa kwa miongo kadhaa na haujaonekana wazi. Kule Korea Kusini madaktari waliwachukua watu waliohitaji magoti yote mawili, wakawawekea moja la kuzunguka na jingine lisilozunguka, mtu yuleyule, uzito uleule, wakawafuatilia kwa zaidi ya miaka kumi, na tofauti ya maana haikujitokeza. Tena plastiki inayozunguka ina nyuso mbili za kulika badala ya moja, na ikiwa kano za pembeni hazikusawazishwa vizuri inaweza kuchomoka mahali pake. Goti lenye matege ya miaka saba ndilo hasa linalohitaji usawazishaji wa makini. Je, daktari wa Dar alikueleza atauponyaje huo upinde? Mguu ukibaki umepinda, uzito utaendelea kuelemea upande wa ndani, na hakuna plastiki ya rangi yoyote itakayopenda hilo.

Na ile dhahabu si dhahabu. Ni tabaka jembamba la madini ya titani na niobi pamoja na naitrojeni, limepakwa juu ya chuma cha kawaida cha kobalti na kromi, na wengi huwekewa kwa kuhofia mzio wa madini. Kama una mzio huo, mweleze daktari. Kwamba linadumu miaka 30 ni ahadi ya muuzaji. Hakuna aliyekwisha kuwaonyesha watu walioishi nalo muda huo kwa wingi wa kutosha. Kuhusu bei, kaka yako anapaswa kujua kwamba Agosti 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa bei ya magoti bandia, na goti la kobalti na kromi likapangiwa rupia 54,720 kabla ya kodi, kutoka wastani wa zaidi ya rupia 150,000. Kwa hiyo ughali wa kifaa na ubora wake havikwenda pamoja hata huko kwenyewe. Aombe mchanganuo ulioandikwa: kifaa kiasi gani, hospitali kiasi gani, wakala kiasi gani.

Sasa nikuulize kuhusu kusubiri. Umesema ukisubiri mpaka miaka 60 utakwepa upasuaji wa pili. Hofu hiyo ina msingi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba aliyewekewa goti baada ya miaka 70 ana uwezekano wa karibu asilimia 5 wa kurudiwa upasuaji maishani mwake, na kwa wanaume wa mwanzoni mwa hamsini ulifika asilimia 35, wanawake wa umri huo wakiwa chini yao kwa pointi 15 hivi, yaani karibu asilimia 20. Lakini ndani ya utafiti huo kuna jambo lililonishangaza: kwa waliowekewa kabla ya miaka 60, nusu ya marudio yao yalitokea kabla ya kupita miaka minne na miezi mitano. Plastiki ya siku hizi hailiki kwa muda huo. Vinavyowarudisha watu mapema ni maambukizi, kulegea, na goti lisilotulia. Madaktari wa Philadelphia walikuta kwamba plastiki iliyolika ilikuwa sababu ya asilimia 25 ya marudio katika hesabu yao ya mwaka 2002, na katika hesabu ya mwaka 2014 ilikuwa imeshuka mpaka asilimia 3.5. Na kwa magoti kamili ya kila aina yakihesabiwa pamoja, uchambuzi wa mwaka 2019 uliotumia madaftari ya kitaifa ya Australia na Finland yanayoandika kila kiungo bandia kinachowekwa ulikadiria kwamba 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Wengi kati ya hao waliwekewa magoti yasiyo na rangi yoyote ya kujivunia.

Kwa hiyo kusubiri kuna faida, na kuna gharama usiyoiandika. Msuli wa paja unanyauka, goti linakakamaa, matege yanazidi, na goti lililoingia upasuaji likiwa gumu mara nyingi hutoka na ugumu wake. Ukichagua kusubiri, basi usubiri ukifanya kitu: mazoezi ya paja kwa mtaalamu wa viungo, fimbo katika mkono wa kushoto, kupunguza uzito kama upo wa kupunguza, kwa maana goti hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili katika kutembea tu, na zaidi ya mara tatu katika kushuka ngazi. Muulize pia daktari kama upande wa nje wa goti bado mzima, kwa sababu wapo wanaokatwa mfupa na kunyooshwa mguu, na wapo wanaobadilishiwa nusu ya goti tu, ingawa nusu-goti hurudiwa mara nyingi zaidi. Huenda akakujibu kwamba kwako njia hizo zimefungwa. Ni vyema ulisikie kutoka kwake.

Hukuuliza kuhusu sala, lakini umeitaja, nami nisingependa uipitie. Mwambie daktari, kabla ya upasuaji, kwamba wewe husujudu na hukaa tahiyatu. Magoti mengi bandia hukunja mpaka nyuzi 110 au 120, na kikao cha tahiyatu kinataka zaidi ya hapo. Goti linapokunjwa mno, chuma huhamia ukingo wa nyuma wa plastiki na kuukandamiza mahali padogo, kama ule mtungi juu ya meza. Inawezekana utasimama na kurukuu vizuri kisha ukaendelea na kiti kwa kusujudu. Ukilijua mapema, halitakuuma kama ukiligundua juu ya mswala.

Tuje kwa kaka. Umelisikia neno "bei rahisi" kama dharau kwa daktari wako, na pengine ni dharau kweli. Mimi nimesikia pia mtu aliye mbali, aliyezoea kukutunza kwa kutuma, na ambaye safari hii ameambiwa mambo yamekwisha kupangwa bila yeye. Ukilikataa goti lake, anaweza kuona umemkataa yeye. Ukilikubali ili usimuudhi, utakuwa umelazwa kitanda cha upasuaji kwa ajili ya deni la ada ya shule, na sidhani kwamba yeye mwenyewe angelitaka hilo kama angeliliona wazi.

Safari ya India si kosa. Kuna madaktari wa huko waliobadilisha magoti mengi kuliko wengi wetu tutakavyoona, na wingi wa kazi humnufaisha mgonjwa. Lakini pima na haya: safari ndefu ya ndege muda mfupi baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, mazoezi ya wiki za mwanzo ndiyo yanayokunja goti, na kidonda kikianza kutoa maji ukiwa umerudi Tanga, atakayekifungua ni daktari ambaye hakukushona. Maambukizi humpata mtu mmoja au wawili katika kila mia, hata mahali pazuri. Pia uliza kama vipuri vya goti hilo vinapatikana hapa Tanzania, kwa sababu plastiki ikilika na ikagunduliwa mapema kwa eksirei, mara nyingine hubadilishwa peke yake chuma kikabaki, ila lazima iwe ya mtengenezaji yuleyule na ya saizi ileile. Mlichokiona kwa mama mkubwa kilichelewa. Labda hakuna aliyempiga picha kwa miaka minane ile aliyotembea vizuri.

Ningependa ujaribu jambo moja kabla ya kuamua. Rudi kwa daktari wa Dar ukiwa na maswali yako kwenye daftari, umwombe ruhusa ya kumweka kaka kwenye simu, sauti ya juu, muda wa dakika kumi na tano. Kaka aulize mwenyewe: magoti mangapi umebadilisha mwaka jana, mangapi yalirudi, kwa nini huweki la kuzunguka, nini kitatokea plastiki ikilika. Kisha afanye vivyo hivyo na daktari wa India mwenyewe, si wakala. Utayasikia majibu, na utamsikia pia kaka yako akiyasikia. Fedha yake, kama goti la Dar ndilo litakalowatuliza, bado ina kazi kubwa: mtaalamu wa mazoezi wa kuja nyumbani miezi mitatu, bajaji ya kukupeleka shuleni, na eksirei za kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Ukimpigia kuhusu hilo, anza na yale uliyoniandikia mimi, ya mshahara wa dukani na chuo cha ualimu, kabla hujataja goti. Na ukishazungumza naye, niandikie tena.